Sura ya 6: Jo March na Jukwaa la Chumbani

Kama unaye mtoto wa miaka 9, 10 au 11 ambaye kila akikutana na wenzake uani anawapanga, wewe mfalme, wewe askari, wewe kaa pale uwe mlango, usimkabidhi Little Women kitabu kizima kwa mkupuo. Kitamshinda, na kikimshinda atakichukia. Fungua naye sura ya pili, mruke mambo ya asubuhi ya Krismasi, mwende moja kwa moja kwenye maigizo ya usiku. Ni kurasa chache tu. Sijapata kuona mahali pengine katika vitabu vya watoto panapoonyesha kazi ya mtayarishaji mdogo wa maigizo kwa uwazi namna ile, na mwandishi hakukusudia kufundisha somo lolote pale. Alikuwa anasimulia tu jinsi jioni ilivyokwenda.

Mtoto atahitaji maelezo machache kabla hamjaanza, na yatoshe dakika mbili. Kitabu ni cha Louisa May Alcott, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1832, na kilichapishwa Boston mwaka 1868. Kinahusu dada wanne: Meg ana miaka 16, Jo 15, Beth 13, Amy 12. Baba yao yuko vitani, maana majimbo ya Kaskazini na ya Kusini ya Marekani yanapigana. Fedha ni za shida. Jo ndiye anayeandika michezo, ndiye anayeiongoza, ndiye anayecheza sehemu zote za wanaume. Watazamaji ni wasichana wa jirani wapatao 12, na wanaume hawaruhusiwi kuingia. Basi. Historia ya vita vile mwachie aje kuiuliza mwenyewe.

Kuhusu lugha: Kiingereza cha Alcott kina zaidi ya miaka 150, na mtoto anayefaulu vizuri Kiingereza cha darasani bado atakwama. Soma kwa sauti aya moja, kisha msimulie kwa Kiswahili alichosikia. Nyumba nyingine hali ni kinyume. Mtoto aliyekulia Toronto au London anakisoma Kiingereza kile bila taabu, na Kiswahili ndicho kinachompa kigugumizi. Huyo mgeuzie kibao: asome yeye, halafu akusimulie wewe kwa Kiswahili. Utashangaa anavyohangaika kutafuta maneno ya vitu vilivyo jukwaani, na kuhangaika kule kunamfanya avione.

Na vitu ndipo pa kukaa. Watu wazima tukimsomea mtoto tuna haraka ya kufika kwenye kisa, nani anampenda nani, nani anakufa. Kisa cha mchezo wa Jo ni cha kawaida kabisa: mwovu anaitwa Hugo, mpenzi anaitwa Roderigo, binti anaitwa Zara, baba mkali ni Don Pedro, na mchawi ni Hagar. Kuna sumu, kuna mnara, kuna gereza. Utamu hauko huko. Uko katika yale mapango na silaha, na vilitengenezwa kwa kitu gani. Gitaa ni la karatasi ngumu. Taa za kale ni vyombo vya zamani vya siagi vilivyofunikwa karatasi ya rangi ya fedha. Majoho ya kifahari ni pamba kuukuu, na vinavyometameta juu yake ni vipande vya bati kutoka kiwanda cha achari. Deraya ya shujaa nayo ni bati, yale mabaki yanayobaki kwenye shiti baada ya vifuniko vya makopo kukatwa. Pango la mchawi wamelijenga kwa makabati na fremu ya kuanikia nguo. Msitu ni vyungu vichache vya mimea juu ya kitambaa cha kijani. Katika tendo la mwisho hata pesa zinamwagika jukwaani, nazo ni za bati.

Msimamishe mtoto kwenye kila kimoja. Muulize swali moja tu: hiki sisi tungekifanyia nini? Usimwambie jibu. Bati la kopo la nyanya analijua. Boksi la friji alishaliona kwa jirani. Karatasi zinazong'aa za ndani ya pakiti za majani ya chai anazikuta jikoni kila wiki. Akianza kuangaza macho nyumba nzima akitafuta, ujue ameshaingia ndani ya kitabu, na hakuna maswali ya ufahamu yatakayomwingiza zaidi ya hapo.

Liko swali moja ambalo nawasihi wazazi na walimu waliache kabisa katika sura hii: "Umejifunza nini?" Mtoto aliyezoea shule anajua jibu linalotakiwa, atakupa ushirikiano na bidii, na wewe utaridhika, kumbe hakuna kilichotokea. Ushirikiano na bidii vimo katika sura ile, lakini vimo kama ratiba na mgongano wa watu. Muulize kuhusu watu, hayo mengine yatakuja yenyewe.

Kwa mfano, nani amepewa nafasi gani na kwa nini? Alcott anatuambia wazi kwamba Amy hana kipaji cha uigizaji. Amechaguliwa awe Zara kwa sababu ni mdogo, anaweza kubebwa na mwovu huku akipiga mayowe. Katika sura ya kwanza tunawaona wakifanya mazoezi ya Zara kuzimia, na Amy anakataa kujibwaga sakafuni, hataki alama za kuumia mwilini. Anatoa sharti: akiweza kuanguka taratibu ataanguka, asipoweza atadondokea kwenye kiti. Jo anamwonyesha namna ya kufanya, anamwonyesha tena, na Amy anabaki mkakamavu kama ubao. Mtoto yeyote aliyewahi kupanga mchezo mtaani kwao anamfahamu Amy huyu. Anaye. Pengine ni mdogo wake mwenyewe. Mwache akusimulie habari zake, hata kama kitabu kitakaa mapajani nusu saa bila kufunguliwa.

Au hili la wahusika wengi na waigizaji wachache. Jo na Meg kila mmoja anabeba wahusika kadhaa, anakariri maneno yao wote, anabadili nguo mbiombio nyuma ya pazia, na bado wao ndio wanaoshughulikia jukwaa. Jo ni Hugo, tena ni Roderigo. Anazo buti za ngozi ambazo ni hazina yake kubwa, zilizomfikia kupitia rafiki aliyejuana na bibi aliyejuana na mwigizaji wa kweli, na buti hizo lazima zionekane jukwaani kila inapowezekana. Muulize mtoto kwa nini Hugo anamchukia Roderigo kufa na kupona, lakini mbele ya watazamaji hawakutani wakapigana. Mwache afikiri. Jibu limevaliwa miguuni. Akilipata atagundua jambo ambalo wanafunzi wa tamthilia hufundishwa vyuoni: mwandishi wa jukwaa huandika kwa kuangalia watu alionao, na idadi ya waigizaji huamua kisa kiende wapi.

Kisha linakuja tukio la mnara, na hapa usisimame kueleza, soma tu. Roderigo amepiga magoti chini ya dirisha, amekwisha kuimba, amerusha ngazi ya kamba. Zara anateremka taratibu, anaweka mkono begani mwa mpenzi wake, anataka kuruka kwa madaha. Amesahau mkia wa gauni lake. Umenasa dirishani. Mnara unayumba, unainama mbele, unaporomoka na kuwafunika wote wawili. Watazamaji wanapiga kelele, buti zinapunga hewani kutoka ndani ya kifusi, na kichwa cha Zara kinachomoza kikilalamika kwamba alikwisha kusema itakuwa hivi. Hapo Don Pedro, baba mkali, anaingia mbio, anamvuta binti yake nje, anamnong'oneza asicheke na aendelee kama vile hakuna kilichoharibika, halafu papo hapo anageuka na kumfukuza Roderigo katika ufalme wake kwa hasira ya kifalme. Mchezo unaendelea juu ya kifusi.

Mtoto atacheka. Cheka naye. Mkishacheka, songeni mbele kidogo mumtafute mtumishi mnene anayekuja na minyororo kuwapeleka wapenzi gerezani. Ana sentensi moja au mbili tu kwenye simulizi: anaingia akiwa na hofu tele, anawachukua wafungwa, na inaonekana wazi amesahau maneno aliyopaswa kuyasema. Nilipoisoma sehemu hii na mpwa wangu, mnara ulimchekesha, lakini kwa mtumishi alinyamaza. Akaniuliza, "Mama mdogo, walimgombeza?" Nikamwambia tuangalie. Tukapekua mbele hadi mwisho wa sura. Hakuna aliyemgombeza, hakuna hata aliyelitaja tena kosa lake. Ndipo akanieleza habari za ngonjera ya mahafali shuleni kwao, ubeti uliompotea mbele ya wazazi, na maneno aliyoambiwa baadaye nyuma ya jengo. Hakuwa amemwambia mtu nyumbani. Sikumpa nasaha yoyote. Aliomba nisome tena ile sehemu ya mtumishi, nikaisoma.

Kwa sababu hii nasema Jo anawafaa sana watoto wetu. Mtoto wa Kenya maigizo anayajua kupitia tamasha la drama la shule, lililoanza mwaka 1959 na linalopanda ngazi hadi kufika taifa. Mtoto wa Tanzania anayajua kupitia ngonjera na igizo la siku ya wazazi. Ni mambo mazuri, yametoa waigizaji na waandishi wakubwa. Lakini kwa kawaida mwalimu ndiye anayeandika, mwalimu anachagua nani aseme nini, na mtoto anakariri. Kuna waamuzi, kuna alama, kuna heshima ya shule. Katika chumba cha akina March hakuna mkubwa aliyeshika karatasi. Watoto wamebuni, wameshona, wamegongomea misumari, wamekosea mbele ya wageni, wakaendelea. Mtoto anahitaji kusoma kwamba jambo hili linawezekana, maana huenda hajaliona kokote.

Kumpenda Jo kusiwe kumtakasa. Mwache mtoto amhukumu. Jo kajiandikia sehemu tamu zote. Jo anaamuru. Jo akiwa na jambo lake la maigizo hamwoni mdogo wake aliyesimama pembeni, na sura ya nane inaonyesha gharama yake. Jo na Meg wanakwenda kutazama mchezo kwenye jumba la maigizo, wamealikwa na Laurie, kijana wa jirani. Amy anaomba aende, Jo anamkatalia kwa maneno makavu. Wakirudi, Amy ameshachoma motoni daftari la hadithi ambalo Jo ameliandika kwa miaka kadhaa, nakala pekee iliyokuwepo. Jo anakataa kumsamehe, na hasira yake inakaribia kumtoa Amy uhai pale barafu ya mtoni inapopasuka. Ni sura nzito. Kwa mtoto wa miaka 9 naiacha kwanza. Kwa mtoto wa miaka 11 mwenye mdogo wake naisoma yote, na swali ninalouliza ni moja: katika mchezo wa Krismasi, Amy angepewa kazi gani ambayo angeipenda? Amy ana mkono wa kuchora, kitabu kizima kinatuambia hivyo. Nimesikia majibu mazuri hapa. Angechora mandhari, angeandika majina ya wahusika ukutani, angebuni maleba. Mtoto anayejibu hivyo ameanza kufikiri kama mtayarishaji, na amemwonea Amy huruma bila kuambiwa amwonee.

Watoto wengi watauliza kama mambo haya ni ya kweli. Jibu linafurahisha. Louisa alikuwa na dada watatu, Anna, Elizabeth na May, na kweli waliigiza tangu utotoni huko Concord, Massachusetts, ikiwemo ghalani katika nyumba waliyoiita Hillside, walikoishi kuanzia mwaka 1845. Louisa na Anna ndio waliokuwa wakiandika. Michezo yao ile, ukiwemo ule unaohusu laana ya mchawi, ilikuja kuchapishwa mwaka 1893 katika kitabu kiitwacho Comic Tragedies, miaka mitano baada ya Louisa kufariki. Mtoto akisikia kwamba maandishi ya wasichana wa ghalani yalitunzwa hadi yakawa kitabu, mara nyingi anakwenda kutafuta daftari. Mpe lililo jipya, si la hesabu lililobaki kurasa.

Tuseme basi jambo limetokea. Mmesoma mara ya pili na ya tatu, na Jumamosi asubuhi unasikia vitanda vinaburutwa. Kanga mbili zimeondoka kabatini na zimeshapigwa kamba kati ya mlango na dirisha. Watoto wa jirani wanaingia na kutoka. Hapa mzazi anapimwa. Mtazame mama yao akina March. Katika sura ya kwanza anaingia wakiwa katikati ya mazoezi, anafurahi kuwakuta wamechangamka, hasahihishi kitu. Usiku wa onyesho haonekani nyuma ya pazia. Mchezo ukiisha ndipo Hannah, mfanyakazi wa nyumbani, anapopanda kuwaita wote waje mezani, na mezani wanakuta aiskrimu, keki, matunda na maua vilivyotumwa na mzee wa nyumba ya jirani. Kazi ya wakubwa jioni ile ilikuwa chakula na makofi.

Fanya hivyo hivyo. Usiandike maneno ya mchezo. Usimwambie mtoto wa jirani asimame vizuri. Usipige picha za simu katikati ya mazoezi, wataanza kuigizia simu. Ukiombwa ushauri, toa mmoja. Ukialikwa, fika kwa wakati, kaa ulipoelekezwa hata kama ni juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ulipe kiingilio wanachotaka, kiwe shilingi au kokoto.

Mambo mawili tu ndiyo ninayoingilia bila kuomba ruhusa. La kwanza ni moto. Ndani ya pango la Hagar kuna jiko linalowaka kweli, chumbani, katikati ya mapazia na nguo za pamba, na mvuke wa kweli unatoka kwenye birika lake. Alcott anausifu uzuri wa mwanga ule. Mtoto mwenye akili ya Jo atautaka. Mnaposoma ukurasa huo, mwambie waziwazi kwamba hili hatulifanyi, si mshumaa, si kibatari, si jiko la mkaa, kisha mwachie tochi na karatasi nyekundu ya peremende aone atakachopata. La pili ni vitanda vya kupandana, wasivifanye viti vya watazamaji: kwa akina March kitanda cha kukunja walichokalia wageni kilijifunga ghafla makofi yakiendelea, wakaokolewa wakiwa wazima, wengine wamekosa hata sauti kwa kicheko. Katika kitabu waliokoka wote kwa sababu mwandishi aliamua hivyo.

Mtoto akifika miaka 12 au 13 na moto wake wa maigizo haujapoa, kipo kitabu cha kumsogezea. Kinaitwa The Swish of the Curtain, kimeandikwa na Pamela Brown, Mwingereza wa mji wa Colchester. Alianza kukiandika akiwa na miaka kama 14, kikatoka mwaka 1941, na baadaye akaenda kusomea uigizaji. Watoto saba wa mtaa mmoja wanapata kanisa dogo lililoachwa, wanalisafisha, wanapaka mlango rangi ya buluu, na kuunda kikundi chao. Humo kuna mambo ambayo Jo hakuyafikia: kuomba ruhusa kwa wenye jengo, kutengeneza pazia linalofunguka bila kukwama, kugombana kuhusu mchezo upi uchezwe, kuwashawishi wazazi wanaoona uigizaji si kazi ya kumlisha mtu. Hilo la mwisho mlisome pamoja, wewe na yeye, na ukubali kuulizwa.